Kanzu Nne za Wifi Yangu Thureya

Wanangu mnaojifunza cherehani, nawasalimu. Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie mambo niliyoyaona katika miaka thelathini na minane ya kuwashonea wanawake hapa Ibra, Omani. Nimeanza mara tatu nikachana karatasi. Kila nikitaka kuwaeleza habari za mikono na shingo za kanzu, kalamu inakwenda kwa wifi yangu Thureya, kama vile mambo yenyewe ndiyo kwanza yanatokea. Basi nitawaandikia hayo ya Thureya. Mengine yatajipenyeza, na nikipotea njia mtanivumilia, mimi ni mtu mzima na sina haraka.

Kwanza mjue nani kanifundisha. Mimi nilizaliwa Tabora, nikaletwa huku nimeolewa, na katika kushona nilikuwa najua kurudishia kifungo basi. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Unguja mjini, fundi hasa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Sirwali yangu ya kwanza, ile suruali ya kuvaa ndani ya kanzu, aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akauliza, "Kwenu bara, Raya, mnashona au mnafunga magunia?" Niliifumua mara saba. Mara ya saba hakusema kitu, na kwa Bi Zuwena kutosema kitu ndiyo ilikuwa sifa.

Alinifundisha kulowesha kitambaa cha pamba kabla ya kukikata, kisije kikapungua mwilini mwa mtu. Alinifundisha mahameli ikatwe yote ikielekea upande mmoja, la sivyo mkono mmoja utaonekana mpya na wa pili umechakaa. Hariri itiwe pini ndani ya mshono tu, maana tundu la pini kwenye hariri halifutiki. Na kila mshono wa ubavuni niache vidole viwili vya kitambaa kwa ndani. "Mwanamke ana uzazi, ana Ramadhani, ana huzuni," alikuwa akisema. "Mwachie nafasi."

Jingine alilonifundisha ni hili: kipimo cha mwanamke ni siri yake, kiandike, usikitamke. Soko letu la wanawake la Jumatano mnalijua, wanaume hawaingii, basi masikio ndiyo hayana kazi nyingine. Ukitamka kiuno cha mtu saa mbili asubuhi, saa nne kimeshafika Sur, huko mbali pwani. Na watu wa zamani waliogopa jicho pia. Ukisema fulani kanenepa umemhusudu, ukisema kakonda umemtabiria. Kwa hiyo mimi nilikuwa napima, naandika kwenye daftari langu, nafunga mdomo. Wateja walinipenda kwa hilo. Walisema Raya hana maneno.

Sasa niwachekeshe kidogo kabla ya kuingia kwenye mazito. Ramadhani moja kila nguo niliyoshona iliwabana wenyewe. Walikuja mmoja mmoja, wanavuta kwapani, na mimi mbele yao kimya, lakini nyumbani nacheka: hizo ni sambusa na lukaimati. Bibi mmoja wa Jaalan, mfupi, mkavu, anayekula kama kuku, naye ikambana. Hapo Bi Zuwena akachukua futi yangu, ule utepe wa kupimia, akailaza juu ya mbao ya mita niliyokuwa nakatia. Futi ilikuwa imevutika kwa uzee. Nilikuwa nawapima watu kwa utepe uliolegea na kukata kwa mbao iliyonyooka. "Umewasengenya watu kwa futari zao bure," akaniambia. Basi futi ibadilisheni kila mwaka, na muilaze kwenye mbao kila mwezi.

Twende kwa Thureya. Thureya ni mdogo wa mume wangu, binti wa mwisho wa Bi Zuwena, mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kike, Asila, anayefanya kazi Nizwa. Nyumba zetu zinatazamana. Tangu nijue kushona hajavaa kanzu ambayo sikuishona mimi. Mwili wake naujua kuliko wangu, maana wangu nani ataupima.

Miaka mingi alisumbuliwa na damu. Alikuwa na vivimbe kwenye kizazi, akawa mweupe midomo, akipanda ngazi za shule anakaa chini. Mwishowe madaktari wakakitoa kizazi chote, wakasema vifuko vya mayai wameviacha kwa sababu ni vizima. Akarudi nyumbani, na sisi wanawake wa familia tukafanya tunalolijua. Tukamfanya mzazi. Siku arobaini, asida, ule ugali laini wa ngano, kwa samli, uji wa hulba, yaani uwatu, supu ya kuku wa kienyeji asubuhi na jioni. Mimi nikamshonea mkaja wa bafta nzito, ule wa kufungia tumbo mwanamke aliyezaa, nikawa namfunga mwenyewe kila baada ya kuoga. Mtoto hakuwapo, tumbo lilikuwa na kidonda cha kisu, lakini mkaja tulifunga. Hakuna aliyeuliza kama inafaa.

Alipopona alipendeza. Mashavu yakarudi rangi. Kila aliyemwona alisema mashallah, umenawiri, umepumzika na ile damu. Mwezi wa tatu baada ya operesheni Asila akaniletea kanzu ya kwanza, ile ya kijani ya kazini. "Mama anakusalimia, anasema inambana tumboni. Anataka vidole viwili."

Nikafumua ubavuni, nikatoa ile akiba aliyonifundisha mama yake, nikashona, nikapiga pasi. Sikumwita nikampima. Na hapa, wanangu, ndipo nilipokosea.

Mnajua mafundi wetu wa sokoni ni wanaume, Wahindi na Wabangladeshi, na mwanamume hampimi mwanamke. Kwa hiyo mwanamke wa hapa amezoea kupeleka nguo ya mfano. Fundi anailaza mezani, anaizungushia chaki, kwisha. Sisi mafundi wanawake tulikuwa na neema ya kumpima mtu mwenyewe, nasi tukaiacha kwa uvivu, maana nguo ya mfano haina hadithi wala haitaki chai. Siku hizi nasikia mnapokea picha kwenye simu. Nguo ya mfano inakwambia mtu anabanwa wapi. Haikwambii amepungua wapi, kwa sababu palipopungua hapabani.

Mwezi wa tano ikaja ya pili, ya bluu. Akiba haikutosha, nikatia kipande cha pembeni. Mwezi wa saba ikaja ya tatu. Nilianza kupata wasiwasi, sitawadanganya, lakini wasiwasi wenyewe kila mtu alikuwa na dawa yake. Ukitolewa kizazi unanenepa, ndivyo ilivyo. Ni homoni. Ni umri. Ni kukaa. Kwenye kituo cha afya walimpima sukari, ikawa nzuri, wakamwambia apunguze wali na atembee. Basi Thureya, mtu wa kufuata maagizo kama mwalimu alivyo, akawa anatembea kila alfajiri mpaka kwenye ukingo wa wadi, ule mto mkavu, na kurudi. Ijumaa tukikaa kwenye sinia moja anakula tonge tatu, anaosha mkono.

"Kula basi," namwambia.

"Wallahi nshashiba, wifi."

"Kwa tonge tatu?"

"Tumbo limejaa. Sijui limejaa nini."

Nikidhani anajinyima. Tena nikamsifu kwa subira yake. Nikikumbuka nilivyomsifu, natamani kujificha.

Kanzu ya nne ilikuja mwezi wa kumi, mimi nimeshafunga kazi kwa sababu macho yamefifia. Nilimtilia vipande pande zote mbili, kwa kupapasa zaidi kuliko kuona. Bi Zuwena alisema mwanamke aachiwe nafasi, nami nikawa namwachia, namwachia, wala sijiulizi nafasi ile inajazwa na nini.

Kisha Asila akaposwa na kijana wa Bahla. Mama wa bibi harusi lazima avae, na ndugu wa Thureya walioko Maskati wakaleta hariri ya zambarau, nzito, inayoteleza mkononi kama maji. Nilisema nitaikata mimi kwa mara ya mwisho, Asila atie uzi. Lakini hariri haina nafasi ya pili, nimeshawaambia. Nikamwambia Thureya aje apimwe.

"Pima ile ya bluu."

"Ya bluu ina viraka vyangu mwenyewe. Njoo weye."

"Nna aibu, Raya. Nimekuwa kama mtungi."

"Mtungi huo nimeupima tangu ulipokuwa kikombe. Ingia ndani ufunge mlango."

Akavua, akabaki na shumizi. Sikuhitaji miwani. Mabega yalikuwa yametoka mifupa. Shingoni mlikuwa na vishimo viwili ambavyo ungeweza kuwekea kete. Na chini ya hapo tumbo lake limekaza, limeng'aa, limekwenda mbele. Nikazungusha futi kwenye mkono wa juu: ishirini na saba. Nikafungua daftari, ukurasa wake wa kabla ya operesheni: thelathini na tatu. Nikasema futi yangu imeharibika tena. Nikaenda kuchukua nyingine, mpya, iliyokuwa bado kwenye karatasi yake. Ishirini na saba. Tumbo, sentimita ishirini na mbili zaidi ya zamani.

Alinitazama usoni. Mimi nikainamisha uso, nikaandika, nikamwambia, "Haya, vaa."

Kuanzia siku ile sikupata usingizi wa maana. Ilikuwa Jumapili. Nikaseme nini? Mimi si daktari, mimi ni mtu wa sindano. Harusi ilikuwa wiki tatu mbele, watu wamealikwa mpaka wa Sur. Nikimwambia mama wa bibi harusi mwili wako una kitu, na kumbe hakuna, nimemharibia furaha na nimemtabiria maradhi. Nikinyamaza na kumbe kipo? Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Mwambie." Wanaume mambo kwao mepesi. Nilikata hariri siku ya Jumanne, chaki nikaipiga upya mara nne, na mimi sikupata kuipiga mara mbili hata siku niliyokata kanzu ya harusi ya mwanangu. Tuna msemo wetu, mficha maradhi kifo humuumbua. Usiku na mchana nilijiuliza: na anayemfichia mwenzake maradhi, yeye huumbuliwa na nani?

Alhamisi tukaondoka kwenda Nizwa kuona ukumbi, maana watu wa Bahla shughuli zao kubwa huzifanya Nizwa. Asila anaendesha, mama yake mbele, mimi nyuma na daftari langu mkobani. Sijui kwa nini nililichukua. Kabla hatujafika Bidbid, Thureya alishasimamisha gari mara moja aende msalani. Bidbid tukasimama tena, pale kwenye vibanda vya chai, karibu na njia zinapogawana. Asila akatununulia karak, ile chai nzito ya maziwa. Mama yake alipokwenda, akanigeukia.

"Bi Raya, Mama siku hizi kila pahala msalani. Kunenepa ndiko kunafanya hivi?"

Thureya alikuwa anarudi polepole, mkono mmoja mgongoni kama mwenye mimba ya miezi tisa, na alipofika akashika mlango wa gari akahema. Mkono ule uliokuwa umeshika mlango nikauona wote, mkavu, saa imeteleza mpaka karibu na kiwiko. Hofu ikanishika, na kwa mara ya kwanza hofu ile ilinisukuma kusema.

"Thureya, keti. Nna maneno."

"Maneno gani njiani hapa?"

"Weye hukunenepa."

Asila akacheka. "Bi Raya, mtazame basi!"

"Namtazama. Mkono wake umepungua sentimita sita, nimepima kwa futi mbili. Mabega yamekwisha. Mtu akinenepa hunenepa mpaka shingo. Tumbo hili linakua peke yake. Hii si nyama, wala si wali."

Thureya akaiweka karak juu ya gari, haijanywewa hata nusu.

"Khalas, Raya. Baada ya harusi ntakwenda, inshallah."

"Kushoto Nizwa, kulia Maskati. Twende Maskati sasa hivi."

"Na ukumbi wa watu?"

"Ukumbi hauumwi."

Malori yanapita, sisi tumesimama na vikombe vya karatasi. Asila alikuwa ananitazama mimi, kisha mama yake, kisha mimi, na macho yameshaanza kujaa. Halafu Thureya akafungua mlango, akaingia, akafunga mkanda juu ya lile tumbo kwa shida. "Washa gari, mwanangu," akasema. Tukakunja kulia.

Daktari alikuwa mama wa Kisudani, mpole. Akamlaza, akampaka yale mafuta ya baridi, akapitisha kifaa tumboni. Kwanza alikuwa anaongea, anauliza harusi lini. Kisha akakigeuza kioo cha mashine upande wake. Nilijua hapo hapo.

"Tangu lini?" akauliza.

Thureya akasema hajui, polepole tu. Nikafungua daftari. Mwezi wa tatu, vidole viwili. Mwezi wa tano, kipande cha pembeni. Mwezi wa saba. Mwezi wa kumi, pande zote mbili. Daktari akachukua kalamu, akayaandika yote kwenye faili kama nilivyoyasoma. Akasema, "Hii imenisaidia sana." Mimi nilikuwa nasoma hukumu yangu.

Kifuko cha mayai cha kushoto, kile kilichoachwa kwa sababu kilikuwa kizima, kilikuwa kimeota uvimbe mkubwa kuliko kichwa cha mtoto, na maji mengi kuuzunguka. Wiki ile ile akapasuliwa. Wakatoa karibu kilo tisa. Asila alitaka kuvunja kila kitu, mama yake akakataa. Ndoa ikafungwa nyumbani kwa watu wachache, mama amelala chumba cha pili mlango wazi, anasikiliza khutba, na ile hariri imetandikwa miguuni pake haijashonwa.

Tukangoja majibu ya maabara siku kumi na mbili. Wanangu, siwaombei siku kumi na mbili za namna ile. Simu ikilia naogopa kuishika, isipolia naogopa zaidi. Niliunguza asida jikoni mara mbili. Yalipokuja, daktari akasema uvimbe haukuwa saratani iliyokwishasambaa, wala haukuwa wa kupuuzwa. Ulikuwa umesimama mpakani. Tungechelewa zaidi, akasema, hataki hata kukisia ungekuwa nini. Na itabidi Thureya atazamwe kila miezi mitatu, kwa miaka.

Baada ya mwezi mmoja na nusu Thureya alivuka njia na kuja kwangu kwa miguu yake, mwembamba, kanzu inampwaya, amezikumbatia zile nyingine tatu. Anataka zipunguzwe. Nikamwambia sioni, akasema atatia uzi yeye. Tukakaa sakafuni, mimi nafumua vipande nilivyotia mwenyewe, kimoja kimoja. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba radhi tangu hospitali. Akanitangulia.

"Wifi, hii ya bluu ulipoipanua, hukuona kitu?"

"Niliona. Nilipata wasiwasi."

"Na ya tatu?"

"Zaidi."

Akatia uzi, akafunga fundo, akanipa sindano.

"Mie nilikuwa naogopa tangu ya kwanza," akasema. "Kule kwa daktari wanasema tembea, kula kidogo. Watu wanasema umenawiri. Nikasema, Raya ndiye anayenijua mwili wangu. Ntampelekea kanzu. Kama kuna jambo, Raya ataniambia. Kila kanzu niliyokuletea, nilikuwa nakuuliza. Nawe ukinirudishia imepigwa pasi, hukusema neno, nikisema alhamdulillah, basi hakuna kitu. Nikilala."

Nililia mbele yake, mtu mwenye miaka sitini na tisa, nguo ya watu mapajani. Yeye hakulia, na wala hakuniambia si kitu. Alinishika mkono tu mpaka nikamaliza, kisha tukaendelea kufumua.

Mwezi ujao ana miadi nyingine Maskati, Asila atatupeleka. Anaogopa, nami naogopa. Jana alikuja akaniambia ubavu wa kulia unamchoma kidogo, labda ni bure, nikamwambia avue nitazame.